Aliishi au Katungwa? Nimefungua The World of All Souls

Mambo vipi wapenzi wa vitabu! Ngoja, kamera inaniangalia paji la uso. Haya, mnakiona? Kizito hiki jamani, kama tofali.

Hiki ni The World of All Souls cha Deborah Harkness, cha 2018, michoro ya Colleen Madden: mwongozo wa riwaya zake tatu za mwanzo za wachawi na wanyonya damu, zinazoanza na A Discovery of Witches. Riwaya zenyewe sizirudii, najua mmezimaliza, na wengine tamthilia mmeiona mara mbili kwa ajili ya Matthew, yule mnyonya damu. Tunajuana.

Nianze na kilichoniudhi, kinitoke rohoni. Muhtasari! Sura kwa sura, riwaya zote tatu. Nani ananunua mwongozo kabla hajasoma hadithi? Ni kama umealikwa pilau, ukifika unasomewa majina ya viungo. Nikapekua harakaharaka, nusura nikiweke kando.

Halafu nikafika kwa wahusika. Sogeeni.

Tucheze. Nafunika maelezo kwa kiganja hivi, nyie andikeni hapo chini: aliwahi kuishi, au katungwa? Wa kwanza, Mary Sidney, yule mama mwenye maabara ya alkemia, ile elimu ya kale ya kusaka dhahabu. Mmeandika? Aliishi! Mke wa kabaila wa Kiingereza, 1561 hadi 1621, aligeuza Zaburi kuwa mashairi, na mambo ya kemia kweli aliyapenda. Wa pili, Edward Kelley wa Prague. Aliishi! Alimwahidi Kaisari Rudolf II dhahabu, akapewa na cheo, dhahabu haikuonekana, akatiwa ndani. Huyu angekuwa mtaani kwetu angekuwa anazidisha noti.

Wa tatu. Tulieni sasa. Matthew Roydon. Ndilo jina analotumia Matthew wetu anaporudi nyuma na mchawi Diana hadi mwaka 1590. Nawasikia: “Katungwa, si ndiye mnyonya damu mwenyewe!” Na mimi nilisema hivyohivyo. Naondoa kiganja... aliishi! Alikuwa mshairi, wa duara moja na kina Marlowe, yule mwandishi wa tamthilia, ila habari zake ni chache mno, anapita kwenye historia kama kivuli. George Chapman alimtabarukia shairi mwaka 1594, na shairi hilo linaitwaje? The Shadow of Night. Jina la riwaya ya pili! Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Harkness ni profesa wa historia, kamwona mtu ambaye kumbukumbu hazimjui vizuri, akampachika meno.

Na Ashmole 782, ule muswada wa kichawi wa kwenye riwaya, je? Hiyo namba imo kweli kwenye katalogi ya maktaba ya Bodleian, Oxford. Muswada wenyewe ndio haupo, umepotea. Hili ndilo lililonifanya nirudie kitabu chote upya, nikitafuta wapi ukweli umeshonewa uongo na mshono hauonekani.

Kidogo tu, nyie mnaonitumia picha za vitabu vimezungukwa na mishumaa: Bodleian msomaji huapa kwamba hataingiza moto wala kuuwasha humo ndani. Mngetolewa mbio na makoti yenu ya sufu.

Mtaniuliza, na kile kitabu cha mwongozo cha Game of Thrones, cha majoka na kiti cha enzi? Kwa picha, kile kinashinda, hata sibishi. Kile unakilaza mezani wageni wakione. Hiki unakaa nacho na penseli. Vipande vilivyokatwa kwenye riwaya vimo, ramani zimo, mapishi yamo. Sijapika, msiniulize.

Halafu ule muhtasari niliousema vibaya... jana nilisahau yule mtoto Jack wa kwenye riwaya aliokotwa wapi. Nikaenda kutazama wapi? Kwenye muhtasari. Msicheke.

Bei sasa. Changu ni mtumba, kona zimeliwa, na nauli ya mzigo ikazidi kitabu chenyewe. Kipya kwa nauli hiyo? Mimi hapana. Tafuteni mtumba, au wanne mchange, kizunguke. Na kama umeona tamthilia tu, hela hiyo nunua A Discovery of Witches kwanza, hiki kitakuharibia kila siri.

Matangazo: mazungumzo ya moja kwa moja yamehama Alhamisi, sasa ni Jumapili saa tatu usiku, umeme ukikubali. Na wewe uliyeandika “aliishi” kwa Roydon kabla sijaondoa kiganja, jitaje. Nataka kujua ulimsoma wapi.