Kujiunga na Sinagogi Ndogo ya Marekani: Kiangazi au Septemba?

Katika sinagogi nyingi za Marekani mwaka wa uanachama huanza Julai 1, ingawa wapo wanaongoja hadi Rosh Hashanah, Mwaka Mpya wa Kiyahudi, inapokaribia, mwezi wa Septemba au mapema Oktoba, ndipo wajaze fomu. Katika jumuiya ndogo uamuzi huo una uzito mkubwa.

Anayejiunga kiangazi huwakuta watu wachache, kwa kuwa wengine wako likizoni, na uchache huo ndio unaompa nafasi. Kaddish, sala ya wafiwa, haisomwi bila minyan, yaani Wayahudi 10 walio watu wazima (kwa Wayahudi Waorthodoksi, wanaume tu). Kwa hiyo Ijumaa ya Julai, viti vikiwa vimepangwa bustanini na jua bado halijazama, Myahudi mgeni anayefika akiwa wa kumi humwezesha mfiwa kumwombolezea mzazi wake. Heshima hiyo hainunuliwi kwa ada. Alasiri za Sabato jumuiya nyingi husoma Pirkei Avot, mkusanyiko wa mafundisho ya maadili ya marabi wa kale, sura moja kwa juma, na katika kikundi kidogo hata anayeanza huulizwa maoni yake.

Anayesubiri hupata ukumbi uliojaa, sauti ya shofar (pembe ya kondoo dume inayopulizwa), na mara nyingi kiti cha sikukuu kilichojumuishwa katika ada. Mwenye watoto ana sababu nzuri zaidi, kwani masomo ya Kiebrania nayo hufunguliwa wakati huo. Lakini rabi ana shughuli tele, na nyuso mpya ni nyingi. Asiye na watoto ningemshauri ajiunge Julai.