Kaunta ya jiwe jikoni: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Kabla ya kutazama rangi, tazama unachopika. Jiko la kawaida la Dar halikosi ndimu, ukwaju na manjano, na sufuria ikiepuliwa hutuliwa popote palipo karibu. Kwa jiko la namna hiyo naweka mbele granaiti ya rangi nzito. Sufuria ya moto haiitishi, kisu hakiikwaruzi kirahisi, wala ndimu haiili.

Ila si kila jiwe jeusi dukani ni jeusi kweli. Mengine ni ya kijivu yaliyotiwa rangi. Nenda na kitambaa cheupe na asetoni, ile dawa ya kutoa rangi ya kucha, usugue pembeni. Kitambaa kikichafuka weusi, mwage muuzaji. Dondoshea na maji kidogo, usubiri kama dakika kumi. Yakiacha doa, jiwe linanyonya na litahitaji dawa ya kuziba vinyweleo, tena si mara moja tu.

Ya pili wengi watanibishia: terazo ya kumwagwa papo hapo, yaani saruji iliyochanganywa na chembe za mawe ya rangi kisha ikasuguliwa. Mara nyingi ni nafuu, haina maungio, na ikichakaa husuguliwa upya. Ndimu inaiumiza, kweli, lakini alama hupotea katikati ya chembe za rangi. Shida yake ni fundi: wanaoijua vizuri si wengi, kwa hiyo kaone kwanza kazi aliyoimaliza zamani.

Kwatzi ya kiwandani naiweka ya tatu. Ni kwatzi, madini magumu ya mawe, iliyosagwa, kwa kawaida kama asilimia 90, ikagandishwa kwa resini, gundi ya jamii ya plastiki. Hainyonyi wala haidai dawa, lakini resini na sufuria ya moto havipatani. Na vumbi lake linaua mapafu ya mafundi. Australia iliyapiga marufuku mawe haya Julai 2024. Hata granaiti, usikubali ikatwe kavu uani kwako. Ikatwe kwa maji.

Marumaru ni ya mwisho. Ni laini, na tone la ndimu huondoka na mng'ao wake. Weka kwenye meza ya sebuleni.

Bei ndiyo inayowachanganya watu. Huyu anataja mita ya mraba, yule mita ya urefu. Kaunta ya upana wa sentimita 60 ina mita za mraba 0.6 tu kwa kila mita ya urefu, kwa hiyo piga hesabu kabla ya kusema huyu ni ghali. Uliza pia kama tundu la sinki, kung'arisha kingo na usafiri vimo ndani.

Vipimo vichukuliwe kabati zikishafungwa na kunyooshwa kwa pima maji, si kwenye ramani. Granaiti ya sentimita 2 ina uzito wa kilo 54 hivi kwa mita ya mraba, ya sentimita 3 hukaribia 80. Kabati la mbao hafifu litalemewa. Kataa ungio lipite kwenye tundu la sinki, maana hapo ndipo jiwe ni jembamba na maji hayakauki. Salio la fundi lipe baada ya silikoni kukauka na maji kumwagwa juu ukaona yanaelekea wapi.