Geiranger na Undredal: meli au mbuzi?

Vijiji vyote viwili viko kwenye fiodi za Norwei, mikono ya bahari iliyobanwa na milima, ila riziki zao ni mbali kabisa.

Geiranger hutegemea meli za watalii. Kiangazi hoteli hujaa. Theluji ikianguka barabara ya kusini hufungwa na biashara hulala. Sheria nayo inabana: tangu 2026 meli za abiria za chini ya tani 10,000 haziruhusiwi kuchafua hewa humo, na kubwa zimepewa hadi 2032. Tena jirani kuna mlima Åkneset, wenye ufa unaofuatiliwa usiku na mchana, maana ukiporomoka utazua tsunami.

Undredal mbuzi ni wengi kuliko watu. Maziwa yakishagandishwa kwa jibini nyeupe, maji yanayobaki huchemshwa kwa saa nyingi hadi yawe jibini ya kahawia, tamu kidogo. Barabara ilifika 1988 tu. Kabla yake, mashua.

Mimi ningechagua mbuzi: pesa si nyingi, lakini bidhaa ni yao wenyewe. Ingawa, tusidanganyane, wanunuzi wengi wa jibini hiyo ni watalii walewale.