Uzoefu wangu na psql: miaka mitatu ya mwisho wa mwezi kwenye dirisha jeusi

Natunza kumbukumbu za chama cha akiba na mikopo cha watumishi, wanachama mia sita na ushee. Kanzidata yetu ni PostgreSQL, ipo kwenye seva ya kukodi, na kazi yote ya mwisho wa mwezi naifanya kwa psql, ile programu ya amri inayokuja na PostgreSQL yenyewe. Hakuna cha kubonyeza kwa kipanya. Unaandika, unapiga Enter, unajibiwa. Naipenda na sina mpango wa kuiacha, ila kuna siku iliniumiza, na siku hiyo ndiyo imenifanya niandike.

Nilihamia huku kwa sababu ya bando. Programu ya madirisha niliyoanza nayo ilikuwa ikivuta data nyingi mno kupitia modemu ya simu. Nikifungua jedwali la miamala, kila kitu kinaganda. Sasa naingia kwenye seva kwa ssh (njia salama ya kutumia kompyuta ya mbali kwa maandishi), nafungua tmux, programu inayoiacha kazi iendelee kwenye seva hata mtandao ukikatika, naita psql mle mle. Kinachosafiri kwenye mtandao ni maandishi matupu. Umeme ukikatika hapa kwangu, nikirudi naikuta kazi inaendelea kule kana kwamba sikuondoka. Hata msaada umo ndani: ukiandika \h ALTER TABLE unapewa muundo wote wa amri hiyo, na \? inakuorodheshea amri za psql yenyewe. Huhitaji kuingia Google.

Haya, siku yenyewe. Kila mwezi mwajiri anatuletea makato ya wanachama kwenye Excel. Nayageuza kuwa CSV (faili la maandishi matupu, safu zikitenganishwa kwa mkato), nalipandisha faili kwenye seva, halafu skripti yangu, yaani faili la amri zilizopangwa kwa mfuatano, inafanya mambo matatu: inaliingiza faili kwenye jedwali la muda kwa \copy, inahamishia kwenye jedwali la marejesho, kisha inapunguza mabaki ya mikopo. Februari ile niliiendesha kama kawaida, nikaona mistari miwili ya mwisho, kwamba safu 612 zimeingia na 612 zimebadilishwa:

INSERT 0 612
UPDATE 612

Nikafunga kompyuta, nikaenda zangu nyumbani nikiwa na amani.

Siku ya tatu alinipigia mwanachama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi aliyekaribia kustaafu. Nikamwamkia, akaitikia, akasema: "Mwanangu, mbona ujumbe wenu unasema nimerejesha elfu sitini? Mimi mwezi huu nimekatwa elfu tisini. Hati ya mshahara ninayo hapa mkononi." Alikuwa ameomba makato yake yapandishwe kuanzia Februari ili amalize mkopo kabla ya kustaafu. Elfu sitini ilikuwa ya Januari.

Nilirudia skripti kwenye nakala ya majaribio, safari hii nikisoma tangu juu. Lilikuwepo:

psql:februari.sql:3: ERROR: invalid input syntax for type numeric: "45,000"
CONTEXT: COPY makato_ghafi, line 213, column kiasi: "45,000"

Kwenye mstari wa 213 kuna mtu aliandika kiasi kwa mkono akaweka mkato wa maelfu. \copy hukataa faili zima mstari mmoja ukiharibika, na hilo ni jema. Tatizo ni kwamba psql haikusimama. Ilitoa kosa, ikapita, ikaenda amri inayofuata. Jedwali la muda lilikuwa bado na makato ya Januari, kwa sababu sikuwa nimelisafisha mwanzoni mwa skripti. Basi ikachukua yale ya Januari, ikayaandika kama ya Februari, ikapunguza mikopo ya watu. Na kwa kuwa wengi hukatwa kiasi kile kile kila mwezi, hesabu zao zilionekana sawa. Kama mwalimu yule asingekuwa na tabia ya kulinganisha, ningegundua lini?

Nilikesha usiku ule. Bahati, kila siku usiku tunachukua nakala ya kanzidata kwa pg_dump, programu ya PostgreSQL ya kazi hiyo, kwa hiyo niliirejesha kwenye kanzidata ya pembeni, nikalinganisha mwanachama kwa mwanachama hadi alfajiri. Asubuhi nikampigia mwalimu kabla hajaingia darasani.

Kuendelea mbele baada ya kosa ndiyo tabia ya psql usipoiambia vinginevyo. Mtu anayeandika amri moja moja kwa mkono haimdhuru, anaona kosa na anarekebisha. Lakini kwa skripti inayogusa fedha za watu ni hatari, na naamini kwa dhati ilipaswa kuwa kinyume: isimame, anayetaka iendelee ndiye aombe. Dawa ipo, na ni fupi:

psql -v ON_ERROR_STOP=1 -1 -f machi.sql ushirika

ON_ERROR_STOP inaisimamisha kwenye kosa la kwanza, na programu inatoka na namba 3, kwa hiyo skripti ya nje inaweza kujua kwamba kazi imekwama na isitume ujumbe kwa wanachama. Ile -1 (ni tarakimu moja, si herufi) inafunga faili zima ndani ya muamala mmoja: yote yakubali au lisibaki hata moja. Zitumie zote mbili pamoja.

Ninapofanya kazi kwa mkono, nategemea alama ya mwaliko, yale maandishi psql inayoweka mwanzo wa mstari ikisubiri amri. Kawaida inasomeka ushirika=> na nikianza kwa BEGIN inageuka ushirika=*> kwa kinyota, maana yake muamala uko wazi, bado naweza kusema ROLLBACK nikafuta yote niliyofanya. Kosa likitokea ndani yake kinyota kinakuwa alama ya mshangao. Kinyota hiki kimo kwenye mwaliko wa kawaida tangu toleo la 13. Mimi sigusi UPDATE yoyote kabla sijakiona.

Alama hiyo hiyo ndiyo iliyonifundisha kuhusu majina yetu. Andika where ukoo = 'Nyang'oro'; uone. Hupati jibu wala kosa, mwaliko unageuka tu kuwa ushirika'> na mgeni anadhani mashine imekufa. Haijafa. Inakwambia kuna alama ya nukuu hujaifunga, kwa sababu ile iliyomo katikati ya jina imechukuliwa kuwa ya kufungia, na ya mwisho ikafungua nyingine. Piga Ctrl-C uanze upya, uandike 'Nyang''oro', ile nukuu ya katikati ikiandikwa mara mbili. Sisi tuna akina Ng'wandu na Ng'humbi wengi, na kukumbuka hivyo kila mara ni usumbufu, kwa hiyo skripti zangu za kutafuta mwanachama zinauliza zenyewe:

\prompt 'Jina la ukoo: ' ukoo
select namba, jina, baki from wanachama where ukoo = :'ukoo';

Ukiweka kigeugeu (jina linalobeba jibu lililoandikwa, hapa ukoo) ndani ya :'' namna hiyo, psql inashughulikia nukuu yenyewe. Karani wetu, ambaye hajawahi kusoma SQL, anaitumia kila siku na hajakwama na jina hata moja.

Mengine madogo: \x auto inapanga matokeo kwa kushuka chini yakiwa mapana kuliko skrini. Faili la .pgpass linakuondolea kuandika nenosiri kila mara, ila kwenye Linux liwe na ruhusa 0600, la sivyo linapuuzwa. Kwenye Windows psql ilinisumbua kwa herufi zisizo za kawaida, sikuendelea nayo huko.

Jambo la mwisho kwa atakayefuata njia hii. ON_ERROR_STOP unaweza kuiweka kwenye .psqlrc, faili la mipangilio ya psql, ikasomwa kila ukifungua psql, na mimi nimeiweka. Lakini faili hilo ni la mtumiaji mmoja. Skripti ikiendeshwa na cron (programu ya seva inayoendesha kazi kwa ratiba) kwa jina la mtumiaji mwingine, au mwenzako akiichukua kwenye kompyuta yake, kinga hiyo haipo. Kwa hiyo kila faili langu la .sql sasa linaanza hivi, kabla ya kitu kingine chochote, kwanza kinga, kisha kulisafisha jedwali la muda:

\set ON_ERROR_STOP on
truncate makato_ghafi;