Ludusavi: inaokoa sevu za gemu, ila haitibu ruhusa za folda

Ukipeleka kompyuta kwa fundi pale Ngamiani kwa sababu gemu haisevu, jibu la haraka ni kupiga Windows upya. Mashine itarudi nyepesi, na ligi yako yote ya PES, ile gemu ya mpira, itakuwa imekwenda na maji. Kabla hujafika huko, itafute Ludusavi, programu ya kutunza nakala za sevu, yaani mafaili yanayohifadhi ulipofikia kwenye gemu. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, inakubali Windows, Linux na Mac, na haihitaji kusakinishwa: unafungua zip, unabofya ludusavi.exe, basi. Windows ikikutolea onyo la bluu, bonyeza "More info" halafu "Run anyway". Hakikisha tu umeipakua kwenye ukurasa wa mradi wenyewe ulioko GitHub, si kwenye flashi ya mtu.

Sifa yake kubwa ni kujua sevu zimejificha wapi. PES 2017 huziweka Documents\KONAMI, GTA San Andreas huziweka Documents\GTA San Andreas User Files, nyingine zimo ndani ya AppData ambayo Windows yenyewe imeificha, na chache huandika kwenye rejista, ghala la mipangilio ya Windows. Ludusavi huchukua orodha yake kutoka PCGamingWiki, tovuti ya taarifa za gemu za kompyuta, kwa hiyo mara ya kwanza washa bando. Bonyeza "Preview" uone itabeba nini, kisha "Back up". Gemu uliyonakili tu kwenye D:\Games, na ambayo husevu ndani ya folda yake yenyewe, haitaonekana mpaka uiongeze D:\Games kama "root", yaani folda ya kutafutia gemu, ya aina ya "Other".

Mipangilio ya mwanzo ndiyo inayotuudhi. Usipobadilisha kitu, nakala zinakwenda C:\Users\jina lako\ludusavi-backup, yaani diski ile ile ambayo fundi anakaribia kuifuta! Elekeza kwenye flashi au diski ya nje. Tena inahifadhi nakala moja tu. Umeme ukikatika gemu ikiwa katikati ya kuandika, faili la sevu linaweza kubaki na KB 0. Ukifanya nakala tena bila kuangalia, bovu linafuta zima. Pandisha idadi ya nakala za "full", yaani nakala kamili, hadi 3 au zaidi. Na ukitaka programu ihame na flashi pamoja na mipangilio yake, weka faili tupu liitwalo ludusavi.portable kando ya ile exe. Hapa Notepad huwaangusha wengi: inabandika .txt mwishoni, Windows inaificha, na faili halitambuliki. Washa kwanza uonyeshaji wa viambishi vya majina ya faili.

Sasa upungufu wake. Ludusavi haigusi ruhusa, hivyo gemu iliyokuwa haisevu itaendelea kutosevu hata baada ya kurudisha nakala.

Anza kwa kuangalia Controlled folder access, kinga ya folda iliyomo Windows Security, sehemu ya "Ransomware protection". Ikiwa imewashwa, gemu isiyotambulika inazuiwa kuandika kwenye Documents. Usiizime, ruhusu exe ya gemu hiyo peke yake.

Gemu za zamani zilizowekwa Program Files zina kisa chao. Zikikosa ruhusa ya kuandika humo, Windows huzihamishia maandishi AppData\Local\VirtualStore kimyakimya. Siku mtu akifungua gemu kwa "Run as administrator", inasoma folda halisi na sevu zote zinaonekana zimepotea, kumbe zipo VirtualStore. Zitoe humo, kisha hamishia gemu D:\Games.

Diski ikitolewa kwenye mashine iliyokufa, mwenye folda huonekana kama namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, kwa kuwa akaunti ile haipo kwenye mashine mpya. Fungua Command Prompt kwa "Run as administrator" uandike, ukibadilisha njia iwe ya kwako:

takeown /f "E:\Users\jina\Documents\KONAMI" /r /d y
icacls "E:\Users\jina\Documents\KONAMI" /grant "%username%:(OI)(CI)F" /t

Ishie kwenye folda ya sevu. Ukizielekeza amri hizi C:\ nzima, hapo kweli utamhitaji fundi.

Kile kisanduku cha "Read-only" kwenye sifa za folda kisikusumbue. Ukikiondoa kinarudi, na hakiizuii gemu kuandika. Kinahusu mafaili yaliyomo ndani. Kama faili lenyewe ndilo limefungwa, amri ya attrib -r inatosha.

Ludusavi haina ratiba yake. Mwenye kibanda cha gemu, ambako akaunti moja inashikwa na watoto wa mtaa mzima, aiweke amri ya ludusavi backup --force kwenye Task Scheduler, kipanga ratiba cha Windows, saa ambayo wateja wameshaondoka na gemu zote zimefungwa.