Kimita cha kuchomeka kwenye soketi: ndicho kilichomaliza ugomvi wa bili ya umeme nyumbani

Nimekaa na hiki kidude miezi minne sasa, yaani karibu msimu wote wa baridi, kwa hiyo naongea kitu nilichokitumia na sio nilichokisoma kwenye boksi. Kwa asiyekijua, ni mita ndogo ya kuchomeka ukutani, halafu kwenye tundu lake ndio unachomeka hita au friji au chochote unachotaka kukichunguza, na kioo chake kinakuonyesha wati kinazokula muda huohuo, volti, ampea, na chini kabisa uniti zilizojikusanya tangu ulipokibonyeza kianze kuhesabu. Basi. Hakipunguzi umeme hata chembe, kazi yake ni kukuambia ukweli, na kwetu ukweli ndio ulikuwa umepotea.

Maana bili ya kwanza ya baridi ilikuja karibu mara mbili ya ile iliyotangulia, na hapo ndani kila mtu akawa na mshtakiwa wake. Mimi nikawashika watoto na TV, mke wangu akasema friji imechakaa, mdogo wangu anasema ni taa za nje zinalala zinawaka, Mama yeye kanyamaza lakini nikaona anaanza kuzima hita yake usiku na kujikunja kwenye khanga mbili, na hilo ndilo lililoniuma kuliko hata hiyo bili. Mtu wa miaka 70 na kitu anakaa kwenye baridi ndani ya nyumba ya mwanae kwa sababu amesikia watu wanagombania umeme! Nikasema hapana, ngoja tupime kwanza ndio tulaumiane.

Kabla ya kununua nilisoma mita ya nyumba mwenyewe na kulinganisha na namba iliyoandikwa kwenye bili, kwa sababu wakati mwingine bili inakuwa ya makadirio, hakuna aliyekuja kusoma mita. Ya kwetu ilikuwa sawa, tulikuwa tumeutumia kweli.

Sasa kitu cha kwanza kuchomeka kilikuwa hita ya feni ya chumbani kwa Mama. Imeandikwa wati 2000, kimita kikasoma 1930, haina thamostati ya maana, ukiiwasha inawaka mpaka uizime. Ukiiacha masaa 9 ya usiku hiyo ni uniti 17 na nusu hivi. Hesabu yake ni rahisi, wati mara masaa halafu gawa kwa 1000 unapata uniti, ndiyo hesabu hiyohiyo ambayo mita ya ukutani inaifanya. Halafu nikapima ile TV niliyokuwa nawagombeza nayo watoto: wati 90, masaa matano ni uniti 0.45. Yaani TV ingewaka masaa matano kila siku kwa mwezi mzima na wiki juu ndio ifikie usiku mmoja wa hita. Zile taa za nje ni za LED, wati 9 kila moja, taa moja ingewaka mfululizo siku 80 kufikia usiku ule mmoja. Nilirudi kuwaomba watoto radhi, kwa kweli.

Kitu ambacho watu wengi hawakipati, na mimi sikukijua, ni kwamba chochote kinachopasha joto kwa waya ndicho kinachokula, mambo mengine yote ya nyumbani ni watoto wadogo kwake. Hita, birika la umeme, pasi, mashine ya kukausha nguo, maji ya kuoga. Ukizima chaja ya simu huku hita inawaka chumba kisicho na mtu hujafanya kitu.

Cha pili nilichopima ni kile kiboksi cha "kupunguza umeme" ambacho nilikuwa nimeshanunua kabla, kile unachochomeka kina kitaa cha kijani na muuzaji anaapa bili itashuka nusu. Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu vinauzwa sana msimu wa baridi watu wakiwa wamechanganyikiwa na bili. Nilichukua ekstensheni, nikaweka kimita mwanzo wake, nikachomeka friji na kile kiboksi pamoja. Wati hazikusogea. Kilichoshuka kidogo ni ampea, na ndio wanachokuonyesha wauzaji wakiwa na kipima-ampea chao mkononi, unaona namba inashuka unaamini. Ndani ya vile viboksi kwa kawaida kuna kapasita tu, inarekebisha namna mkondo unavyopishana na volti kwenye vitu vyenye mota, lakini mita ya nyumba inakutoza kwa uniti halisi, sio kwa ampea, kwa hiyo kwenye bili hakuna kinachobadilika. Na kwa hita ndio hata ampea hazishuki kwa sababu hita haina hiyo shida ya kurekebishwa. Tena kiboksi chenyewe kinakula umeme wake mdogo wa kuwasha kitaa. Nimekitoa.

Tuje kwenye mjadala wa radieta ya mafuta na hita ya feni, maana kila mtu ana lake. Niliazima radieta kwa jirani, ya wati 1500, nikaipima usiku tatu chumba kilekile. Watu wanasema ya mafuta inakula kidogo, na nilitegemea kuona maajabu, lakini uniti moja ya umeme inatoa joto lilelile ukiipitisha kwenye feni, kwenye mafuta au kwenye vile vioo vyekundu. Hakuna hita ya waya inayotengeneza joto zaidi ya umeme iliopewa. Tofauti niliyoiona ilitoka kwenye thamostati, ile radieta ilikuwa inajizima chumba kikishapata joto na kuwaka tena kikipoa, ikawa inafanya kazi kama asilimia 40 ya muda, masaa 8 ikala uniti 5 kasoro. Hita ya feni yenye thamostati nzuri ingekaribia hapohapo, tena inapasha haraka, ila ina kelele na haifai kumlalisha nayo mtu. Kinachozidi kweli ni AC ile inayoweza kupasha, kwa sababu yenyewe haitengenezi joto, inalivuta kutoka nje na kulileta ndani, uniti moja inaweza kukupa joto la uniti tatu hivi japo nje kukizidi baridi faida inapungua. Kama unayo tayari ukutani na unaitumia wakati wa joto tu, angalia rimoti yake kama ina alama ya jua, unaweza kuwa umekaa na hita nzuri kuliko zote ulizonunua.

Lakini lililobadilisha bili yetu ni blanketi la umeme, lile la kutandika chini ya shuka. Kimita kilisoma wati 70 likiwa namba ya juu. Mama analiwasha nusu saa kabla hajalala, akishaingia analishusha namba ya chini kabisa, asubuhi nakuta robo uniti, wakati mwingine hata haifiki. Kutoka 17 mpaka robo! Nilimwonyesha kioo cha kimita kwa macho yake kwa sababu nikimwambia tu hakuwa anaamini, alikuwa anadhani namdanganya asione aibu kutumia. "Mama, hii usiku mzima haifiki hata chai tunazochemsha siku nzima." Akaniuliza, "Kweli mwanangu?" Nikamwambia angalia mwenyewe. Tangu siku hiyo hajajibana tena.

Chumba chenyewe hatujakiacha kigande lakini. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa makazi wa 2018 wanataja digrii 18 kama joto salama la ndani kwa watu kwa jumla kwenye nchi zenye baridi, na kwa wazee na watoto wachanga na wagonjwa inaweza kuhitajika zaidi ya hapo. Kwa hiyo radieta tulinunua ya kwetu, inashika chumba kwenye 19, blanketi linashika mwili, na chini ya mlango tumezungushia taulo maana upepo ulikuwa unapita kama barabarani. Mapazia mazito usiku, mchana jua likitoka tunayafungua. Dirisha nalo tunalifungua dakika chache asubuhi, ukifunga kila kitu siku nzima unyevu unakaa na ukuta unaota ukungu mweusi, hapo umeokoa umeme umenunua kikohozi. Na tafadhali sana, mtu asije akaona bili imekuwa kubwa akaingiza jiko la mkaa ndani alale nalo. Ile hewa ya sumu haina harufu, inaua watu wamelala.

Kasoro za kimita sasa. Kwanza hakipimi vitu vilivyofungwa moja kwa moja kwenye waya, na hivyo ndio vikubwa: tanki la maji moto, jiko la umeme, hita ya bafuni. Kwa hivyo itabidi utumie mita ya nyumba. Mita nyingi za kisasa zina kitaa kinachopepesa na pembeni pameandikwa kinapepesa mara ngapi kwa uniti moja, yetu ni 1000. Zima kila kitu, washa tanki peke yake, hesabu sekunde kati ya mpepeso na mpepeso. Ikiwa ni sekunde 3.6 ujue unakula wati 1000, ikiwa sekunde 1.8 ni wati 2000. Tanki letu ni lita 80. Kupasha lita 80 kutoka digrii 10 mpaka 60 ni uniti 4.7 hivi, wakati maji yakiingia na digrii 20 kama msimu wa joto ni 3.7, kwa hiyo hata ukioga kama kawaida yako tu, baridi yenyewe inakuongezea uniti kwa sababu maji ya bomba yanaingia yamepoa zaidi. Tulichofanya ni kufupisha kuoga na kulivalisha tanki koti lake la kuzuia joto lisitoke. Sikushusha chini ya 60 kwa sababu kuna bakteria wanaopenda maji ya uvuguvugu yaliyotuama kwenye matanki, sitaki kucheza na mapafu ya Mama.

Pili, kwenye vitu vidogo vya wati moja mbili namba inarukaruka, usiiamini sana. Kwa king'amuzi ilikaa vizuri, kilisoma wati 11 kikiwa "kimezimwa" kwa rimoti, hiyo ni uniti karibu 8 kwa mwezi bila mtu kukitazama, tumekiwekea swichi. Tatu, kioo hakina taa, na soketi zetu nyingi ziko nyuma ya makabati, kwa hiyo nasoma nikiwa nimepiga magoti na tochi ya simu. Nne, kimekaa kipana kinaziba tundu la pembeni. Na kile cha kwanza nilichopewa dukani kilikuwa hakina betri ya kumbukumbu, umeme ukikatika hesabu yote inapotea, nilikipimia friji masaa 20 umeme ukakatika nikaanza upya, nikakirudisha wakanibadilishia chenye betri. Uliza hilo kabla hujalipa.

Halafu angalia ampea zilizoandikwa nyuma, changu ni 13, na hita kubwa ya wati 2000 peke yake inakaribia 9 kwenye volti 230, kwa hiyo usichomeke hita na birika kwa pamoja kupitia kwenye kimoja. Ukipima hita kigusie mkono baada ya nusu saa, uvuguvugu sawa, ila kikiwa moto au kinanuka plastiki kitoe. Hita isipite kabisa kwenye ekstensheni nyembamba, mimi niliitumia ekstensheni kwa friji tu.

Bili ya pili ya baridi ilishuka, uniti zilipungua zaidi ya theluthi, na baridi ndio ilikuwa imezidi. Ningekipa nyota nne kwa tano, ile moja nimeikata kwa sababu ya kioo kisicho na taa. Friji tuliyoituhumu imekula uniti 1.1 kwa masaa 24, haina kosa. Sasa hivi kiko kwa dada yangu, naye anaituhumu friji yake, amekichomeka jana jioni na nimemwambia asikiguse mpaka leo jioni masaa 24 yatimie, halafu usiku akihamishie kwenye hita ya watoto.