"Umeshajifungua, sukari imekwisha": yaliyonikuta kliniki

Sijawahi kuandika malalamiko ya hospitali, lakini hili limenikaa kooni tangu mwanangu ana wiki sita, na sasa anatambaa.

Nilipata kisukari cha ujauzito. Miezi ya mwisho nilijichoma kidole kila asubuhi, wali nikapunguza, soda nikaacha kabisa. Siku ya kuruhusiwa wodini daktari aliniandikia kwenye kadi kwa kalamu nyekundu: wiki ya sita arudi kupima sukari kwa kunywa glukosi. Akanisisitiza nisiache hata nikijiona mzima.

Basi siku ya chanjo nikatoka Mbagala alfajiri, hata chai sijagusa. Mtoto kachanjwa vizuri, hapo sina neno. Nikampa nesi kadi yangu. Hakuisoma. Aliifunga, akaisukuma kwangu kwa kidole kimoja, akasema benchi zima lisikie: "Mama, umeshajifungua, sukari imekwisha. Mbona unatafuta ugonjwa?"

Nikamwambia, "Sista, daktari ameandika humo."

"Kama unataka sana, tukuchome kidole uende."

Jamani! Kidole kinasema sukari ya dakika ile tu. Unaweza kuamka na sukari nzuri, ukinywa glukosi mwili ukashindwa kuimudu. Ndiyo maana unanyweshwa gramu 75 na kusubirishwa masaa mawili. Ni kweli kondo likitoka sukari hushuka kwa wengi wetu, maana homoni zake ndizo zilizokuwa zinaipinga insulini. Lakini kushuka si kupona. Aliyepitia hali hii yuko kwenye hatari ya kisukari cha ukubwani karibu mara kumi ya mwenzake. Nesi wa kliniki ya wajawazito halijui hilo?

Kwenye daladala nililia. Wiki kadhaa zikapita, nikarudi, safari hii moja kwa moja dirisha la maabara. Kijana wa pale akaniuliza, "Dada, umekula?" Sijala tangu jana usiku. Akanitoa damu, akakoroga glukosi kwenye glasi, utamu wake ulinigandia kwenye meno hadi mchana. Akanitafutia kiti karibu na feni ninyonyeshe, akanikataza kutembeatembea majibu yasije yakavurugika. Muda ulipofika alinifuata mwenyewe.

Kabla ya kunywa 6.3, baada ya masaa mawili 9.4. Kisukari kinahesabiwa kuanzia 7 kabla, au 11.1 baada. Kwa hiyo bado, ila niko njiani. Daktari kasema nitembee, nipunguze uzito, niendelee kunyonyesha, na nipime kila mwaka. Kama ningelichukua neno la yule nesi, ningekuwa nyumbani nakunywa chai ya sukari kwa raha zangu.

Nilitaka kuandika msiende pale. Lakini yule kijana alinihudumia kama dada yake, na chanjo ya surua ya mwanangu nitaipeleka palepale.

Hapana, hata hivyo siwezi kuwasifu. Siku ile kwenye benchi alikuwepo dada mmoja, wodini kitanda chake kilipakana na changu, tulikuwa tunachomwa vidole pamoja. Naye alikuwa ameshika kadi. Aliposikia nilivyojibiwa, aliirudisha kwenye mkoba, akambeba mwanawe, akaondoka. Namba yake ya simu sina.